Mchezaji Huru

Dirisha la usajili limefungwa jana saa sita usiku,
na leo, kabla Mhando hajafungua kufuli la banda lake la baiskeli,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
watu sita wameshakaa kwenye benchi la watu wanne
wanagombea gazeti moja.

Tumesajili watatu. Wote huru. Wote bure.
"Rahisi ni ghali," anasema Semboja,
mstaafu wa bandari, miwani imefungwa uzi.
Beki wa kushoto, kaachwa Songea kwa barua ya mistari miwili.
Kipa, mrefu kama nguzo ya simu,
na kama nguzo, hainami.
Na mshambuliaji. Hapo ndipo penye moto.
Ana miaka ishirini na saba,
na huu ni msimu wa nne ana ishirini na saba.

Mimi nabandika kiraka, nasikiliza.
Unakwaruza kwa msasa, unapaka gundi, unapuliza,
unangoja ikauke.
Mwenye pupa hubandika gundi ikiwa mbichi:
ndivyo tulivyocheza mwaka jana.

Nyamvula anatua beseni la bajia, anafungua daftari lake.
"Mechi thelathini, mabao kumi na tisa.
Matatu wapinzani walijifunga. Matano penalti.
Toeni wenyewe, mwone safu yenu ya ushambuliaji."
"Kumi na moja," nasema bila kuinua kichwa.
"Na manne kati ya hayo alifunga beki."

Kaniki anasimama, anakohoa kama yuko jukwaani:

*Washambuliaji wetu, wamegeuka walinzi,*
*Hulinda lango la watu, lisiguswe hata inzi,*
*Wakipewa pasi tatu, zote huzitia ganzi,*
*Heri tusajili chatu, atameza hata panzi.*

Benchi linacheka mpaka msumari unachomoka.

Hapo anafika kijana anakokota baiskeli ya kukodi,
gurudumu la nyuma limelala chini kabisa.
Kofia kaishusha. Lafudhi ya bara.
Anakaa juu ya debe, ananyoosha mguu wa kulia,
na suruali inapopanda naona kovu kwenye goti,
mshono wa fundi aliyekuwa na haraka ya sikukuu.

Semboja hajaona. Semboja anaendelea kumsomea mtu talaka:
"Huru maana yake hatakiwi!
Mbuzi hana kamba, hana mwenyewe,
sisi ndio tunamwokota, tunamvisha jezi namba tisa!"

"Krosi zinatoka upande gani hapa?" kijana anauliza.

Kimya. Pampu tu inapumua.
"Haziji," anajibu Nyamvula. "Tangu Mwaruka avunjike kifundo,
upande wa kulia umeota majani."
"Kwani mshambuliaji hodari anangoja krosi?" Semboja anaruka.
"Anangoja, mzee. Kungoja ndiyo kazi yenyewe."

Kaniki anatafuta ubeti, hapati.
Nyamvula analitazama goti, anautazama uso,
anafunua ukurasa mpya, anaandika tarehe. Basi.
Anamfungia bajia nne, chatne juu.
"Mia nane. Kilicho huru ni mchezaji, bajia hapana."
Benchi linacheka bila kujua linacheka nini.
Kijana anacheka wa mwisho, peke yake, kwa pumzi,
kisha anahesabu sarafu mara mbili.

Nami namtajia bei ya kiraka, simpunguzii.
Anabonyeza gurudumu kwa kidole gumba
kama mtu anayepima mpira kabla ya kuuweka kwenye nukta,
anapanda, anashika njia ya Mkwakwani,
mguu wa kushoto ukisukuma zaidi ya wa kulia.

"Nani yule?" Semboja anauliza.
"Mteja," nasema.
"Ana maswali mengi. Sasa, turudi kwa huyu kipa..."